Paoneaanga pa nyumbani

Paoneaanga pa nyumbani ni kibanda au chumba kidogo kinachojengwa uani, au juu ya paa la bapa, kwa ajili ya kutazama nyota na siku hizi hasa kwa kupiga picha za anga. Faida yake kuu ni kwamba darubini hukaa palepale ikiwa imeshaelekezwa. Asiye na kibanda hufunga vyombo upya kila usiku, na saa nzuri za giza hupotea.

Historia

Henry Draper, daktari Mmarekani, alipiga picha ya kwanza ya nebula ya Jabari mwaka 1880 katika paoneaanga pake huko Hastings-on-Hudson. Mwaka 1883 Mwingereza Andrew Ainslie Common, aliyekuwa mhandisi, aliipiga nebula hiyohiyo kutoka bustani ya nyumba yake Ealing, London, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 91. Picha yake ilionyesha nyota ambazo jicho halikuziona hata kwa darubini.

Vifaa

Wanaoanza humaliza pesa kwenye darubini, ilhali kifaa cha kuchagua kwa makini zaidi ni stendi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kamera isiyosogea huchora nyota kama mistari. Stendi ya kiikweta ina mhimili mmoja ulio sambamba na mhimili wa Dunia, na mota huuzungusha ili kuzifuata nyota. Husimikwa juu ya nguzo ya zege isiyogusana na sakafu, maana hata hatua za mtu hutikisa picha.

Kwa kuanza, darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 80 inatosha. Kubwa zaidi hufichua kila kosa la stendi. Kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi inafaa. Zile maalumu hupoza sensa yake ili kupunguza chembechembe pichani. Hupigwa picha nyingi za dakika chache, kisha programu ya kompyuta huziunganisha kuwa moja.

Kuba hukinga upepo lakini ni ghali, hivyo wengi huweka paa jepesi la kusukuma juu ya reli. Paa likisahauliwa wazi mchana na darubini haikufunikwa, Jua linaweza kuunguza kamera.

Karibu na ikweta

Nairobi iko takriban digrii 1 kusini mwa ikweta na Dar es Salaam karibu digrii 7, kwa hiyo ncha ya anga iko chini sana, karibu na upeo wa macho. Nyota ya Kutubu haisaidii, na baadhi ya stendi haziwezi kuinamishwa kiasi hicho. Ni vema kuuliza kabla ya kununua. Mhimili hurekebishwa kwa kuangalia nyota inavyohama polepole kwenye kioo cha kamera. Pwani kuna pia umande na hewa ya chumvi, hivyo lenzi hufungwa mkanda wa joto. Hata hivyo, kutoka hapa karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, huonekana katika mwaka mmoja.