Nani Aliyesalia? Dhana ya Mabaki na Mzozo wa Urithi wa Nchi katika Unabii wa Kiebrania, Karne ya 8 hadi ya 6 K.K.

Dhana ya mabaki katika unabii wa Kiebrania hufafanuliwa mara nyingi kuwa neno la faraja: Mungu huhukumu, lakini huacha mbegu. Matumizi yake ya awali hayaungi mkono ufafanuzi huo. Amosi alifananisha kuokoka kwa watu wa Samaria na miguu miwili au kipande cha sikio ambacho mchungaji hupokonya kinywani mwa simba. Kwa mujibu wa sheria iliyomo katika kitabu cha Kutoka, aliyekabidhiwa mnyama akararuliwa na hayawani alipaswa kuleta masalia yawe ushahidi. Masalia hayo, basi, yalithibitisha kifo. Hata jina la Shear-yashubu, mwana wa Isaya, lenye maana ya kwamba mabaki watarudi, lilibeba tishio: watakaorudi ni mabaki tu. Mwaka 701 K.K. Senakeribu wa Ashuru, aliyejigamba kuteka miji 46 ya Yuda yenye ngome, aliiacha Yerusalemu imesimama peke yake.

Mgeuko mkubwa ulifuata mwaka 597 K.K., Nebukadreza alipomhamisha mfalme Yekonia pamoja na wakuu na mafundi hadi Babeli. Tangu hapo swali halikuwa tena kama watasalia watu, bali ni akina nani wenye haki ya kuitwa mabaki. Ezekieli, mhamishwa mwenyewe, anaeleza kwamba wakazi wa Yerusalemu waliwaona wahamishwa kuwa wametengwa na Mungu, na nchi kuwa mali yao wenyewe. Yeremia, ingawa aliishi miongoni mwa wakazi hao, aliwapinga: katika maono yake tini njema ni wahamishwa, na tini mbovu ni Sedekia na waliobaki naye. Hukumu hiyo ya kidini ilikuwa pia hukumu juu ya umiliki wa mashamba.

Baada ya Yerusalemu kuteketezwa na Gedalia kuuawa huko Mispa, kundi lililokimbilia Misri bado linaitwa mabaki ya Yuda katika kitabu cha Yeremia, japo linalaaniwa humo humo. Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa baada ya uhamisho, kinasimulia kwamba nchi ilipumzika ukiwa kwa miaka 70. Akiolojia ya Mispa na eneo la Benyamini inaonyesha kwamba watu waliendelea kuishi humo; simulizi hiyo haikuwaachia nafasi.