Mcheza kwao hutuzwa: je, na mwenye fikra?

Wiki iliyopita, nilipomaliza mhadhara wa saa mbili asubuhi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinifuata hadi mlangoni. "Prof," akaniambia, "fizikia ina Nobel, kemia ina Nobel, hata uchumi. Mbona falsafa haina?" Nilimjibu harakaharaka kwamba Alfred Nobel hakuitaja falsafa katika wasia wake, nikaenda zangu. Lakini swali lile lilinikaa kooni mchana kutwa, maana jibu nililompa lilikuwa nusu jibu. Leo ninalipa deni, nanyi wasomaji wa ukumbi huu mwe mashahidi.

Ni kweli kwamba wasia wa Nobel wa mwaka 1895 ulitaja nyanja tano tu: fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Uchumi uliongezwa 1968 na Benki Kuu ya Sweden. Falsafa ikabaki nje, ingawa haikukosa upenyo. Wanafalsafa waliingilia mlango wa fasihi. Rudolf Eucken wa Ujerumani alituzwa 1908, Henri Bergson wa Ufaransa 1927, na Bertrand Russell wa Uingereza 1950. Jean-Paul Sartre alitangazwa mshindi 1964, akaikataa zawadi, eti mwandishi asikubali kugeuzwa taasisi. Hivyo basi, kwa muda mrefu mwanafalsafa alituzwa kama mgeni katika arusi ya watu.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa karne iliyopita. Tuzo ya Rolf Schock ya Sweden ilimtambua Mmarekani W. V. Quine mwaka 1993. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanzisha Tuzo ya Kluge, ambayo mwaka 2003 ilimwendea Leszek Kołakowski wa Poland. Norway nayo ikaja na Tuzo ya Holberg, ikaanza na Julia Kristeva 2004. Kisha mwaka 2016 ikaja ile inayotajwa mno siku hizi, Tuzo ya Berggruen ya Falsafa na Utamaduni.

Mwasisi wake ni Nicolas Berggruen, tajiri aliyezaliwa Paris 1961, mwana wa mfanyabiashara maarufu wa michoro ya sanaa. Kwa miaka mingi aliishi hotelini bila nyumba ya kudumu, hata magazeti yakambandika jina la bilionea asiye na makao. Mwaka 2010 alianzisha taasisi ya fikra yenye makao yake Los Angeles, na kutokana na taasisi hiyo ikazaliwa tuzo ya dola milioni 1. Hupewa mtu aliye hai ambaye fikra zake zimemsaidia binadamu kujielewa katika dunia inayobadilika kwa kasi. Hapa pana mambo mawili ya kutilia maanani. Kwanza, si lazima mtu huyo awe mwalimu wa falsafa. Pili, lazima awe hai.

Orodha ya washindi inalidhihirisha jambo la kwanza. Alianza Charles Taylor wa Kanada mwaka 2016, akafuata Onora O'Neill wa Uingereza, mwanamke ambaye ameandika mengi kuhusu kuaminiana katika jamii, kisha Martha Nussbaum wa Chicago, anayesisitiza kwamba maendeleo yasipimwe kwa pato la taifa tu bali kwa kuuliza kila mtu anaweza kufanya nini na kuwa nani. Mwaka 2019 alituzwa jaji, Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2020 alituzwa daktari, Paul Farmer. Wakafuata Peter Singer wa Australia (2021), Kojin Karatani wa Japani (2022), mwanasosholojia Patricia Hill Collins (2023), na Michael Sandel wa Harvard mwaka 2025.

Wako wanaonung'unika. Husema kwamba tuzo ya aina hii humpa pesa profesa aliyekwisha shiba. Wahenga nao hawakutuacha bila tahadhari: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuwatazame wagema wenyewe. Ginsburg alizigawa fedha zake kwa mashirika ya hisani. Singer, ambaye mwaka 1971, wakati wakimbizi wa Bengali ya Mashariki wakifa njaa, aliuliza kwa nini tuko radhi kuchafua nguo zetu ili kumwokoa mtoto anayezama kidimbwini lakini hatuko radhi kumsaidia anayekufa mbali, alizitoa zote. Kusema kweli, tembo lao halikuingia maji.

Hebu sasa tuliangalie neno lenyewe, kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha. Tuzo latokana na kitenzi tuza. Kabla ya kuingia ofisini na kuvalishwa suti, kutuza kulikuwa jambo la ngomani. Aliyewahi kuhudhuria taarab Mombasa au Unguja anajua ninachosema. Mwimbaji anaimba, ubeti unamchoma msikilizaji, naye anainuka kitini, anasogea mbele kwa madaha, na kumpa noti palepale, wimbo ukiendelea. Hangoji wimbo uishe, wala hangoji kamati. Ndiyo maana tuna methali isemayo mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo ina masharti mawili yaliyojificha: mchezaji awe anacheza, yaani yu hai, na watu wa kwao wawepo kumtazama.

Sharti la kwanza si dogo. Ginsburg alitangazwa mshindi Oktoba 2019 akiwa na umri wa miaka 86. Septemba 2020 akafariki. Farmer alituzwa Desemba 2020. Huyu alikuwa tabibu na mwanaanthropolojia aliyeanza kazi Haiti, akashikilia kwamba maskini anastahili tiba ileile anayopewa tajiri, si tiba ya daraja la chini kwa sababu eti ya gharama. Baadaye aliihamishia kazi hiyo Rwanda, akasaidia kuanzisha chuo kikuu cha afya huko Butaro, kaskazini mwa nchi. Alifia Butaro hukohuko Februari 2022, usingizini, akiwa na miaka 62. Majopo ya watuzaji yangesitasita kidogo tu, wote wawili wangeishia kupewa tanzia.

Na tanzia, ndugu msomaji, ndiyo fani tunayoimudu zaidi. Niruhusu nitoe ushahidi wa nafsi yangu. Nilikuwa na mwalimu aliyenifunza kuyasikiliza maneno. Alikuwa na uwezo wa kuichukua methali moja na kuifumua kwa saa nzima, akikuonyesha inasimama wapi na inaanguka wapi, mpaka unatoka pale huna hakika tena na ulilolijua tangu utotoni. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulimpendekeza kwa chuo kikuu kimoja apewe shahada ya heshima. Jibu lililorudi lilikuwa la adabu. Kamati ilivutiwa, lakini maandishi yake mengi yalikuwa ya Kiswahili na hayakuonekana katika majarida ya kimataifa. Tungewasilisha tena mwaka uliofuata pamoja na muhtasari wa Kiingereza. Muhtasari niliuandika mimi. Kabla ya kikao cha pili mwalimu wangu akafariki. Siku ya mazishi nilisoma wasifu wa kurasa tano, watu wakalia, na mjane akanishika mkono akasema, "Mwanangu, haya yote mbona hukumwambia?" Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina.

Charles Taylor, yule mshindi wa kwanza, angenielewa. Katika insha yake ya 1992 kuhusu siasa za utambuzi, alidai kwamba mtu hujijenga nafsi kwa jinsi wengine wanavyomtambua, na kwamba kunyimwa utambuzi si kukosewa adabu tu bali ni kudhuriwa. Taylor ni mzaliwa wa Montreal, mji wa lugha mbili, na hoja yake imeota mizizi katika harakati za wasemaji wa Kifaransa wa Quebec za kuilinda lugha yao. Yaani tuzo hii ilianza na mtu aliyejua kwamba lugha ikidharauliwa, msemaji wake naye amedharauliwa.

Sasa tuje kwetu. Kutoka Taylor hadi Sandel, Tuzo ya Berggruen haijamwendea mtu wa bara hili, ingawa jopo lake la kwanza liliongozwa na Kwame Anthony Appiah, aliyekulia Kumasi, Ghana. Holberg ilimtambua Achille Mbembe wa Kameruni mwaka 2024, nasi tukafurahi. Lakini Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyetuhimiza tuzipime dhana za kigeni kwa kuzifikiria katika lugha zetu, alifariki Januari 2022. Paulin Hountondji wa Benin akafuata 2024. Wala simlaumu Berggruen, ambaye anacheza kwao na kutuza awaonao. Swali langu ni letu: sisi huwatuza akina nani?

Kuna Mkenya mmoja aliyelijibu swali hili mapema. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, alisomea Sweden na Marekani, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Enzi hizo wataalamu kadhaa wa Ulaya walishikilia kwamba Afrika ina mila na methali, lakini haina mtu mmoja mmoja anayehoji. Oruka hakubishana nao kwa maneno matupu. Alichukua kinasa sauti, yeye na wasaidizi wake, wakaenda vijijini kuwahoji wazee, wengi wao wasiojua kusoma, kuhusu Mungu, kifo, haki, na usawa wa mwanamume na mwanamke. Aliwatenga waliokariri tu hekima ya jamii na wale walioweza kuipinga kwa hoja. Hao wa pili aliwaita wanafalsafa, akawataja kwa majina, mmojawapo akiwa Paul Mbuya Akoko. Kitabu kilitoka 1990. Mwaka 1992 akatoa kingine kuhusu falsafa ya Jaramogi Oginga Odinga, mwenyewe angali hai na kuulizwa maswali. Kwa mtazamo wangu, kile kinasa sauti kilikuwa tuzo, ingawa hakikuwa na dola hata moja. Kilimwambia mzee akiwa amekaa kwenye kigoda chake kwamba fikra zake zinastahili kuandikwa kwa jina lake.

Oruka mwenyewe aligongwa na gari jijini Nairobi, akafariki Desemba 1995 akiwa na miaka 51. Miaka minne kabla, alikuwa amewaleta wanafalsafa wa dunia nzima kukongamana Nairobi. Waulize wanafunzi wetu wa leo ni nani huyo.

Pwani nako hali ni hiyohiyo. Mjerumani Kai Kresse ndiye aliyekaa Mombasa, akawasikiliza akina Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir Juma Bhalo na Sheikh Abdilahi Nassir, kisha mwaka 2007 akachapisha kitabu kinachowachukulia kama wanafalsafa. Sisi tulimjua Nabhany kama mzee aliyetupa neno runinga, tukaishia hapo. Ahmad Nassir alitunga utenzi mzima kuhusu maana ya utu, nasi tukauweka katika rafu ya ushairi, kana kwamba mshairi hafikiri.

Lakini mnaona somo la Karatani? Yule Mjapani huandika kwa Kijapani. Kitabu chake kikuu kuhusu muundo wa historia ya dunia kilitoka kwa Kijapani 2010, kikasomwa kwanza na Wajapani, kikajadiliwa kwao, kisha kikatafsiriwa kwa Kiingereza 2014. Alitambuliwa Los Angeles kwa sababu alikuwa amekwisha kutambuliwa kwao. Lugha yake haikuwa kizuizi, maana kulikuwa na wasomaji nyuma yake na mtafsiri mbele yake. Mwalimu wangu hakuwa na mtafsiri, na wasomaji wake tulikuwa tukingoja kikao cha pili.

Basi, kijana wangu wa mwaka wa pili, jibu kamili ni hili. Falsafa ina tuzo zake sasa, tena nono. Lakini usikae kungoja ya kutoka ng'ambo. Idara zetu za Kiswahili na falsafa zinaweza kuanza na kidogo: kila mwaka kumhoji mwenye fikra mmoja aliye hai, kuandika mazungumzo hayo kwa lugha yake, kuyatafsiri, na kumkabidhi nakala mkononi. Simu uliyo nayo mfukoni ni kinasa sauti bora kuliko cha Oruka.

Mimi likizo ya Desemba nitakuwa Lamu. Kuna mzee wa miaka themanini na ushei ambaye nimekuwa nikiahidi kumtembelea tangu mwaka juzi. Safari hii nauli nimeshalipa.