Stebilaiza Kwenye Barabara ya Namanga

Mwezi Agosti 1959, kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg kilianza kuunda Beetle za mwaka uliofuata, na chini ya pua zake palikuwa na nondo ya chuma ambayo matoleo ya awali hayakuwa nayo. Nondo hiyo ilivuka gari kutoka kushoto hadi kulia, ncha zake mbili zikapindwa na kushikana na mikono ya suspensheni. Katika gereji za Kitengela, nchini Kenya, chuma cha aina hiyo huitwa stebilaiza. Kazi yake ni kulizuia gari lisilale upande linapokata kona.

Afrika Mashariki haikuwa imeingoja nondo hiyo ndipo iipende Beetle. Mashindano ya Coronation Safari yalipoanzishwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalipangwa kwa madaraja kulingana na bei yake dukani. Mwaka huo hapakutangazwa mshindi wa jumla, lakini Alan Dix, akiwa na Volkswagen, ndiye aliyepata adhabu chache kuliko wote. Mwaka uliofuata Vic Preston akashinda na gari la aina hiyo hiyo, na Gus Hofmann akafanya vivyo hivyo mwaka 1957. Magari hayo yote hayakuwa na stebilaiza mbele.

Sababu ya madereva kutoihitaji ilikuwa barabara zenyewe. Njia iliyotoka Nairobi, ikapita Athi River, Kajiado na Namanga hadi Arusha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo wakoloni walitamani iunganishe Cape Town na Cairo. Kwenye ramani ilipendeza. Chini ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha, udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti uliyameza magurudumu hadi kwenye ekseli. Dereva wa wakati ule hakuwa na haja ya kuuliza gari linalala kiasi gani kwenye kona. Aliuliza kama tumbo la gari litapita juu ya jiwe, na kama litatoka kwenye tope. Safari ya mwaka 1963 ilitoa jibu kali: magari 84 yaliondoka, saba yakamaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena.

Kwenye barabara ya namna hiyo stebilaiza ina ubaya wake. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo huzunguka tu ndani ya bushi zake na haifanyi lolote. Gari likiinama kwenye kona, upande mmoja hushuka na mwingine hupanda, nondo hujinyonga, na nguvu ya kunyongeka huko ndiyo inayoliinua gari. Lakini gurudumu moja likiangukia shimo peke yake, nondo haijui kwamba hiyo si kona. Magurudumu mawili yaliyounganishwa na stebilaiza nene ni kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja wakipelekwa mnada wa Bisil: mmoja akiruka, mwenzake huvutwa. Tairi lililopaswa kukanyaga ardhi huinuka, na mshiko hupotea pale pale unapohitajika.

Basi Wolfsburg iliiongeza kwa nini? Kwa sababu ya mkia. Beetle ilikuwa na injini nyuma, na ekseli zake za nyuma zilining'inia kila moja kwenye kiungo karibu na gia. Ikikata kona kwa kasi, gurudumu la nje la nyuma liliweza kujikunja kuelekea chini ya gari, mkia ukatoka nje. Stebilaiza ya mbele hubebesha tairi za mbele sehemu kubwa ya mzigo wa kona, na mkia hutulia. Huko Marekani, Chevrolet iliitoa Corvair kama toleo la mwaka 1960, nayo ikiwa na injini nyuma na ekseli za namna hiyo, lakini bila nondo ya mbele kama kifaa cha kawaida. Nondo ilikuja na matoleo ya mwaka 1964. Mwaka mmoja baadaye Ralph Nader akachapisha kitabu chake kuhusu usalama wa magari, na Corvair ikapewa sura ya kwanza.

Wakati Wamarekani wakibishana kuhusu kona, Wakenya walikuwa bado wakibishana kuhusu mashimo. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 mikononi mwa Nick Nowicki, kisha 1966 na 1967 na Bert Shankland aliyetoka Tanzania, kisha Nowicki tena 1968. Springi zake ndefu zilikunja na kukunjua pasipo haraka, nao mwili wa gari ukayumba bila aibu. Joginder Singh, bingwa wa 1965 na Volvo aina ya PV544, alikuwa fundi kabla ya kuwa nyota. Mwaka 1974 alirudi na Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6 tu, akaipita Porsche 911 ya Björn Waldegård baada ya suspensheni ya Porsche hiyo kuvunjika. Sifa ya magari hayo ikaenea mitaani. Peugeot za kubeba familia zikawa teksi za masafa marefu, abiria wakibanana na mizigo ikipanda juu ya paa.

Hapo ndipo fundi wa barabarani alipoanza kubadilisha magari kwa kanuni yake: ongeza springi, inua gari, libebe zaidi. Kanuni hiyo ina mantiki, ila ina deni. Kila sentimita inayoongezwa kwenye kimo cha gari huupeleka pia uzito wake juu, na uzito ulio juu hulivuta gari lilale zaidi.

Namanga yenyewe ilipoa kwa miaka kadhaa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Msongamano ulirejea polepole. Kilichoibadilisha barabara kabisa ni lami mpya. Mwaka 2006 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa Arusha, Namanga hadi Athi River, Japani nayo ikachangia, na njia ya takribani kilomita 240 ikajengwa upya. Tarehe 1 Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli wakafungua kituo cha pamoja cha mpaka pale Namanga. Kwenye lami hiyo mpya, gari dogo lililojaa liliweza kutoka Kitengela hadi mpakani kwa kasi ambayo madereva wa Safari ya kale wangeionea wivu, na upepo wa mbugani ukilisukuma ubavuni.

Gari hilo dogo, mara nyingi, ni Probox. Toyota iliitoa Japani mwaka 2002 kama gari la wauzaji na mafundi, na nchini Kenya, ambako hairuhusiwi kuingiza gari lililopita miaka minane, zilianza kuonekana kwa wingi miaka kadhaa baadaye zikiwa zimeshatumika. Nyuma lina ekseli moja ngumu juu ya springi za koili. Kati ya Kajiado, Bisil na Namanga hubeba watu, maziwa, mboga na chochote kinachoingia mlangoni, na pengine kisichoingia. Mafundi huliongezea springi za nyuma ili lisikalie tairi.

Wachache husema waziwazi kwamba springi hizo ngumu hufanya pia kazi ya stebilaiza. Ugumu wa nyuma dhidi ya kulala ukiongezeka, tairi za nyuma hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo wa kona, na mkia huwa mwepesi kuteleza. Likiwa na mzigo, tabia hiyo ya Probox hujificha. Likirudi tupu kutoka mpakani, lami ikiwa na mvua ya kwanza, nyuma hurukaruka na hutafuta pa kutorokea. Kumbe gereji zimekuwa zikibadilisha tabia ya gari kwenye kona kwa miaka mingi bila kuigusa nondo yenyewe.

Na nondo inapoguswa, mara nyingi ni kwa kuondolewa. Matuta ya Kitengela na Isinya huzila linki za stebilaiza, zile fimbo fupi zinazoiunganisha na shoki au mkono wa suspensheni. Zikilegea hugonga ko-ko-ko, mwenye gari hukasirika, na fundi mwenye haraka huzifungua zote akazitupa. Kelele huisha. Gari huanza kulala kila kona.

Vijana wa Nairobi wenye Subaru na Toyota za mbio huenda upande wa pili. Hutafuta stebilaiza nene kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, au kwenye nusu za magari zilizokatwa Japani na kuletwa na injini zake. Hesabu yake hudanganya macho, kwa sababu ugumu wa nondo hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 20 hadi 22 ni tofauti isiyoonekana kirahisi, lakini nondo huwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 46. Ikifungwa mbele peke yake, gari huinama kidogo lakini husukuma pua nje ya kona. Ikifungwa nyuma, gari la kuvuta kwa mbele hugeuka kwa hiari zaidi, mradi nyuma hapajawa pagumu tayari. Kwa Probox iliyokwisha kuongezwa springi za mzigo, nondo nene ya nyuma ni kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliokolea. Linalolifaa zaidi ni bushi mpya na linki mpya kwenye stebilaiza ya mbele, ile ile liliyotoka nayo Japani.