Saa ya Dawa na Saa ya Mgonjwa: Wakati wa Siku katika Historia ya Tiba ya Sonona

Historia ya dawa za sonona aghalabu husimuliwa kuanzia mwaka 1957, Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, alipotangaza kwamba imipramini iliwapa nafuu wagonjwa wake. Masimulizi hayo hueleza dawa gani ilitolewa na kwa kipimo gani. Ni nadra kuuliza ilitolewa saa ngapi. Sehemu hii inajadili pengo hilo.

Dalili yenyewe haikuwa ngeni. Emil Kraepelin alikwisha kueleza wagonjwa wanaoamka wakiwa wamelemewa, kisha wakapata ahueni jioni. Hata hivyo, saa ya kumeza dawa iliamuliwa na madhara ya dawa, si na mwenendo wa ugonjwa. Amitriptilini, kwa kuwa huleta usingizi, ilipangiwa usiku. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilipangiwa asubuhi kwa kuwa yaweza kuufukuza usingizi.

Swali la saa ya mwili liliibuliwa na tiba zisizo za vidonge. Mwaka 1971, Burkhard Pflug na Rainer Tölle, watafiti wa Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuwakesheza wagonjwa usiku kucha. Wengi walipata nafuu kulipokucha, lakini aghalabu ilitoweka walipolala tena. Mwaka 1979, Thomas Wehr na wenzake waliripoti kwamba kuutanguliza usingizi wa mgonjwa mmoja kwa saa 6 kulimpa nafuu ya takriban wiki mbili. Agomelatini, iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 na humezwa wakati wa kulala, ndiyo iliyoyakutanisha mapokeo haya mawili, kwani hulenga vipokezi vya melatonini.

Inaweza kupingwa kwamba fluoksetini hudumu mwilini kwa siku kadhaa, hivyo saa ya kuimeza haibadilishi sana kiwango chake katika damu. Pingamizi hilo ni la haki, ila linaihusu dawa, halimhusu mgonjwa ambaye hali yake hubadilika baina ya alfajiri na magharibi. Daktari aliyempima asubuhi kabla ya tiba, akampima tena alasiri baada ya wiki kadhaa, huenda akaihesabia dawa nafuu iliyoletwa na saa. Kwa hiyo, mtafiti anayesoma rekodi za majaribio ya zamani hana budi kuuliza kwanza: mgonjwa alipimwa saa ngapi?