Kijuma na Wahariri Wake: Nyimbo za Ngoma Kwenye Karatasi

Ukiulizia historia ya ngoma za Kisarawe au Kibaha, jibu huwa limeshaandaliwa: hizo ni mali ya mdomo, hazina maandishi, waliozijua wamekwenda nazo. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Mdundiko hausomwi kitabuni, wala mwali hafundwi kwa karatasi. Lakini maandishi yapo, tena ya zaidi ya karne moja. Kilicho haba ni wahariri wenye masikio.

Mfano wa karibu ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Sehemu kubwa ya yaliyomo ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin kuanzia 1900 hadi 1905. Ilibidi kungoja tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, iliyotoka 1981, ndipo Mtoro akapewa heshima ya mwandishi. Ngoma zina nafasi yake humo: nani hucheza, wakati gani, na huimba nini. Mzaramo wa bara, ambaye kwa vizazi alishuka pwani na sandarusi yake na kupanda tena na nguo, atakutana na mambo anayoyajua.

Mapigo hayamo. Na hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo, kwa sababu mwaka uleule wa 1900 Carl Stumpf alianzisha hazina ya sauti katika Chuo Kikuu cha Berlin, ambako nyimbo za dunia nzima zilihifadhiwa kwenye silinda za nta. Mtu aliyezijua ngoma za Mrima alikuwa akifundisha katika mji huohuo. Kitabu kikatoka na maneno bila sauti.

Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin, naye aliandika kuhusu imani za Wazaramo, na insha zake zilianza kuchapishwa mwaka 1910. Zina faida kwa anayetafuta habari za mzimu wa Kolelo na mvua. Anayetafuta muziki asipoteze siku yake huko. Kwa mmisionari, ngoma ilikuwa kwanza kitu cha kushindana nacho.

Ili kuona namna maneno ya ngoma yanavyoweza kuhaririwa vizuri, au kuharibiwa, ni lazima kupanda kaskazini hadi Lamu. Huko alikuwapo Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa yapata 1855 na kufariki 1945. Alichonga milango, aliandika kwa mkono mzuri kuliko wengi wa zama zake, alitunga, aliongoza ngoma, na alipiga kibangala: udi mdogo wa mbao moja iliyochongwa, wenye tumbo la ngozi, ndugu wa gambusi la Unguja na la Yemen. Wazungu waliotaka miswada ya Kiswahili walimwendea yeye. Alice Werner wa London alipata nakala kwake, William Hichens akaandikiana naye barua kwa miaka, na Ernst Dammann, mchungaji wa Wajerumani Tanga aliyekuwa pia mwanachama wa chama cha Nazi, akaenda Lamu mwaka 1936 na kurudi na mzigo wa karatasi.

Miongoni mwa yaliyonakiliwa zimo nyimbo za gungu, ngoma ya waungwana iliyochezwa usiku wa harusi, ikiwa na namna zake mbili mashuhuri, gungu la kufunda na gungu la kukwaa. Nyingi zinanasibishwa na Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa simulizi za pwani. Askofu Edward Steere alichapisha baadhi London tangu 1870, akikiri kwamba lugha ya nyimbo hizo ni ngumu.

Ugumu wenyewe una sababu. Katika hati za Kiarabu za zamani, herufi moja iliweza kusimamia b, p au mb. Nyingine f, v au mv. Alama ya e na i ilikuwa moja, ya o na u vilevile. Msomaji wa utenzi huokolewa na mizani: akijua mshororo una silabi nane, neno lisiloingia hulikataa. Lakini utumbuizo, bahari ya nyimbo nyingi za gungu, hauna idadi ya silabi iliyofungwa. Mshororo mmoja ni mrefu, wa pili mrefu zaidi, na kinachoufunga ni tuni. Mhariri asiyeijua tuni hana kipimo.

Ndiyo maana lawama anazotupiwa Kijuma hazina uzito unaodhaniwa. Amesemwa kwamba nakala zake hazilingani, kwamba alibadili maneno, kwamba alimwandikia kila mnunuzi alichotaka. La fedha ni kweli. Alikuwa fundi na fundi hulipwa. Lakini mtu aliyeongoza gungu kwa miguu yake, akinakili wimbo aliouimba, ataandika vile unavyokaa kwenye pigo. Nakala mbili zisizolingana huenda zote mbili ni sahihi, kila moja kwa usiku wake.

Waliohariri muziki wa udi wa Ulaya wanalijua jambo hili vizuri. Muziki wa ngoma wa karne ya 17 na ya 18, wa akina Denis Gaultier wa Paris na Sylvius Leopold Weiss wa Dresden, umebaki katika miswada iitwayo tabulatura: mistari ni nyuzi, herufi ni mahali pa kubonyeza kidole, na juu yake alama za urefu wa pigo. Tangulizi za Wafaransa zisizo na mapigo maalumu mara nyingi ziliandikwa bila alama hizo. Na kuna vipande ambavyo mswada mmoja unaviita allemande, ngoma ya taratibu, na mwingine unaviita gigue, ngoma ya kurukaruka, ilhali vidole ni vilevile. La Poste ya Ennemond Gaultier ni mfano mashuhuri. Wahariri wa zamani walitafuta nakala moja "safi" na kuzitupa nyingine. Wa leo wengi huchapa zote.

Upande wa Liongo, kazi iliyostahili subira ilitoka Köln mwaka 2004, ikihaririwa na kundi lililowakutanisha wasomi na washairi wenyewe: Ahmad Nassir, Ahmed Sheikh Nabhany, Abdilatif Abdalla, Farouk Topan na wengine, pamoja na Gudrun Miehe. Ni kazi ya watu waliokua wakiisikia lugha hiyo ikiimbwa. Ukiisoma sambamba na uhariri wa Hichens, aliyependa kurekebisha penye mashaka na kumrudisha Liongo nyuma kupita ushahidi, tofauti iko wazi.

Kwa Pwani ya Tanzania hakuna aliyefanya hivyo kwa nyimbo za Mtoro. Wala nyenzo za kazi hiyo haziko mbali. Anayetoka Kibaha kwa Barabara ya Morogoro hufika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Allen alikusanya miswada na, jambo la maana zaidi, kanda za sauti. Orodha yake ilichapishwa 1970 ikizitaja zote mbili pamoja. Kitabu cha 1903 kingeweza kupelekwa Maneromango, Msanga na Mlandizi, kikasomwa mbele ya manju na makungwi, na kila wimbo unaotambulika ukaandikwa na ngoma yake: ngoma ipi inaanza, neno gani linaangukia pigo, kiitikio kinaingia wapi.

Kuna watakaopinga kwamba mdundiko wa leo, unaotembea barabarani na umati nyuma yake, si ngoma aliyoiona Mtoro. Bila shaka umebadilika. Lakini wapiga udi wa Ulaya hawakuwa hata na huo. Chombo chao kilinyamaza miongo kadhaa baada ya Weiss, na waliokifufua karne ya 20 walilazimika kujifunza mwendo wa ngoma kutoka kitabu cha hatua alichochapisha Raoul-Auger Feuillet mwaka 1700, wakikisia goti linakunjwa wapi ili wajue pigo liko wapi. Kisarawe hatua hizo bado zina miguu, na mzee akiona kijana amekosea humsimamisha palepale.