Haller Park: Makao ya mamba yaliyotokana na machimbo

BUSTANI ya Haller Park, iliyoko Bamburi kando ya barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi, humwezesha mgeni kumtazama mamba kwa karibu bila kuhatarisha maisha.

Zamani hapo palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Uchimbaji uliacha jangwa la mawe na maji yenye chumvi. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti. Ni tatu pekee zilizostahimili, ukiwemo mvinje. Jongoo walisaga majani yaliyopukutika yakawa udongo, na msitu ukachipuka.

Humo ndimo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipoandamana na kobe aitwaye Mzee.

Mamba jike hufukia mayai mchangani kwa takriban miezi mitatu. Joto la shimo ndilo linaloamua iwapo makinda watakuwa wa kiume au wa kike.

Mgeni asivuke ukuta wala kumkalisha mtoto juu yake. Mamba aliyetulia si lazima awe amelala. Huvizia kimya, kisha hushambulia ghafla. Somo hilo ni zito zaidi kwa wakazi wa kingo za Tana na Sabaki, ambao huteka maji na kufua nguo kwenye mito yenye mamba, bila ukuta wowote wa kuwakinga.