Kuku Mgeni, Nyasi Mwenyeji

Ujumbe uliingia WhatsApp Jumanne asubuhi, nikiwa bado kitandani. "Kijana, nitafika Nakuru tarehe 20. Ama kuku ama nyasi. Amua."

Mwenye nyumba wangu anaishi Nairobi. Mimi nimekodi SQ nyuma ya bungalow yake hapa Milimani, na kodi yangu ni nafuu kwa sababu ninamtunzia kiwanja: nafyeka nyasi, namwagilia maua, nafunga geti. Kuku hatukuwazungumzia. Lakini nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nilinunua kuku wanane na jogoo mmoja. Makala huweza kulipwa baada ya miezi mitatu, ama isilipwe kabisa. Mayai hulipwa siku hiyo hiyo. Trei moja kwa wiki inanipa unga, tokeni za stima na bando.

Tatizo ni kwamba niliwaachilia. Asubuhi nafungua banda, jioni narudisha. Baada ya wiki tano, upande wa karibu na banda ulikuwa upara mtupu, na picha yake ikamfikia mama wa watu Nairobi. Sijui ni jirani gani aliipiga.

Basi nikaketi kwenye ngazi ya SQ, nikajiuliza swali la mtu aliyeiacha shahada ya historia njiani: kwenye hiki kiwanja, mgeni ni nani?

Tuanze na kiwanja chenyewe. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka mitatu baadaye Lord Delamere akapewa ekari 100,000 kule Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 1904 Wamaasai wakawekeana mkataba na Waingereza, wakahamishwa kutoka malisho ya Bonde la Ufa kupelekwa Laikipia. Mji ukakua kwa kugawanywa, na majina yanakwambia yote: Milimani, juu huku kwenye mteremko wa Menengai, wazungu. Bondeni, kule chini, Waafrika.

Na kila bungalow ya Milimani ilikuwa na nyasi mbele. Huo mtindo ulitoka kwa matajiri wa Ulaya. Ukiwa na ardhi ambayo hulimi chochote, hufugi chochote, na bado unamlipa mtu aifyeke kila wiki, umeshawaambia majirani una pesa ngapi. Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding mwaka 1830, na kuanzia hapo hata watu wa kawaida kule wakaanza kutamani kipande chao cha kijani. Huku kwetu mashine ilikuwa mkono wa mtu. Guka yangu alifyeka nyasi za Milimani kwa slasha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alilala kwenye chumba cha nyuma, kama hiki ninacholipia mimi leo. Hicho chumba ndicho SQ: kilijengwa kwa ajili ya mtumishi, na bado kimeipa nyumba mgongo.

Upande wa shosho walikuwa maskwota karibu na Njoro. Yaani waliishi kwenye shamba la mzungu, wakalima kipande kidogo, wakalipa kwa kazi. Wengi walikuja Bonde la Ufa hasa kwa sababu huku kulikuwa na malisho, na mwanzoni mifugo yao iliongezeka. Kisha miaka ya 1920 ikaja operesheni ya kuwaondolea ng'ombe na mbuzi. Watu waliipa jina ambalo halihitaji maelezo: kifagio. Mwaka 1937 serikali ikapitisha sheria iliyoyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuamua skwota afuge mifugo mingapi. Shosho alikuwa anatusimulia vile babake alipoteza mbuzi wote, alivyosikia naye kutoka kwa mamake. "Kuku ndio walibaki," angesema. "Nani angehesabu kuku?" Kwao kuku alikuwa benki ambayo askari hakuiona.

Njoro hiyo hiyo kuna mtu mmoja aliyewaona kuku vizuri sana. Lord Maurice Egerton alianza kujenga kasri lake mwaka 1938, likakamilika 1954. Waelekezi pale watakusimulia kwamba mwanamke aliyempenda aliiona nyumba yake ya kwanza, akasema ni kama banda la kuku. Inasemekana baada ya hapo Egerton akapiga marufuku vitu vitatu kwenye shamba lake: wanawake, mbwa na kuku. Kama hadithi imetiwa chumvi, mimi siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 kwa ajili ya vijana wa kizungu baadaye ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, ikawa chuo kikuu 1987, na leo wanafunzi wanasomea ufugaji pale pale. Kuku wakiwemo.

Hadi hapo nilikuwa nimeshaandika hukumu kichwani. Nyasi ni mkoloni, kuku ni mwananchi, kesi imeisha. Kisha nikazitafuta hizi nyasi zenyewe kwenye simu, hukumu ikaniponyoka.

Zinaitwa nyasi za Kikuyu. Duniani kote zinaitwa hivyo, kwa sababu asili yao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huku kwetu. Zilichukuliwa kutoka huku katika karne ya 20 zikasambazwa Afrika Kusini, Australia na kwingineko, na Marekani imeziweka kwenye orodha ya magugu hatari kwa sababu hazijui mipaka. Alichofanya mzungu wa Milimani ni kuchukua nyasi za shosho, kuzikata fupi, na kuweka kibao cha "Usikanyage".

Na kuku wangu "wa kienyeji"? Babu zao walikuwa ndege wa msituni Asia ya Kusini-Mashariki, wakafugwa huko zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakatufikia baadaye kwa njia za biashara. Hata hawa wangu ni wale walioboreshwa, mbegu iliyotoka KALRO Naivasha, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa kamba walishaikata zamani, na hakuna anayekumbuka kuwauliza walikotoka.

Kwa hivyo sikuweza kumjibu mama kwa hotuba ya ukombozi. Ilibidi nitafute mbao.

Nilitengeneza kizimba cha futi 8 kwa 4, mbao na waya, bila sakafu, juu nikafunika pia kwa sababu mwewe wa Menengai hawana aibu. Mchana kuku wanakaa humo, usiku wanarudi bandani. Kila asubuhi nakisogeza hatua chache. Kwa ukubwa wa kiwanja hiki, pahali walipochakura leo hawaparudii kwa karibu wiki sita, na nyasi za Kikuyu zikipewa wiki sita zinatambaa zenyewe kufunika kidonda. Nyuma yao namwaga maji, maana kinyesi kibichi cha kuku ni mbolea kali, kikirundikana kinachoma. Siku hizi pia sifyeki fupi sana. Wakiingizwa kwenye nyasi fupi, wanafika kwenye mizizi kabla ya saa sita.

Kona moja chini ya mjakaranda nimewaachia ibaki upara. Kuku lazima aoge vumbi, hivyo ndivyo anavyopambana na viroboto na utitiri. Wanasema hata jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la vumbi. Mji umepewa hadhi ya jiji tangu 1 Desemba 2021, lakini kiangazi kikianza, vumbi linatukumbusha ni nani alitangulia.

Mama alikuja tarehe 20 kweli. Alivua viatu, akatembea kwenye nyasi polepole kama mtu anayekagua shati lililotoka kwa dobi. Alifika kwenye kona ya mjakaranda, akasimama.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo wanaogea, mama."

Akanyamaza. Kisha akasema nina hadi Aprili, mvua ikinyesha na hiyo kona isipofunikwa, tutaongea tena. Alipoondoka alikuwa na mayai kumi na mawili kwenye kikapu. Hakuyaomba, nami sikuyahesabu kama hongo.

Kesho asubuhi nasogeza kizimba hatua tatu kuelekea getini.